Nina digrii na ninachonga mbao. Tatizo liko wapi?

Nimekuwa kimya hapa kibarazani tangu Krismasi kwa sababu ya zamu za usiku, na leo nilipanga kuwaandikia habari za bili ya umeme na baridi. Lakini yale yaliyosemwa kwenye kundi la ukoo wiki iliyopita yamenikaa kooni. Kwa vile nusu ya wasomaji wangu ndio hao hao waliosema, acha nijibu hapa hapa mbele ya wote.

Chanzo ni picha. Mwanangu alinipiga picha nikiwa kwenye chumba cha chini cha jengo letu, nimevaa ovaroli, barakoa na glavu, nywele zimejaa vumbi la mbao, nimeshika skii moja ambayo haijakamilika. Picha ikafika Moshi, ikafika Marangu, ikafika mpaka kwa watu wa Arusha. Shangazi mmoja akauliza kama nimefukuzwa kazi. Baba mdogo akaandika, "Tulisomesha nesi, tumepata seremala." Wengine wakaweka vile vikatuni vya kulia machozi. Sawa, ningecheka yakaisha. Ila siku mbili baadaye naambiwa picha hiyo hiyo ilitolewa kwenye kikao cha familia kumkanya mtoto wa kaka yangu, yule aliyemaliza kidato cha nne, anayetaka kwenda VETA kusomea useremala. Eti "unaona hata shangazi yako anavyohangaika huko Ulaya?"

Hapo sikubali. Nihangaike na nini? Zamu zangu wodini ziko pale pale, mshahara unaingia kila tarehe 25, ada mnazopokea mnazipokea. Mimi niko chini ya jengo kwa sababu NAPENDA, na kwa sababu kile ninachokifanya pale kinahitaji akili kuliko baadhi ya hivyo vyeti mnavyovitundika sebuleni.

Niwaeleze kwanza kitu chenyewe, maana naona wengine mlidhani natengeneza chaga za kitanda. Skii ni vile vibao viwili virefu, vyembamba, vilivyopinda kwa mbele, ambavyo watu wa huku huvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji. Kuna na ubao mmoja mpana, unausimamia kiubavu, miguu yote miwili imefungwa hapo hapo. Aliyenifundisha kuvitengeneza ni jirani yetu, mzee wa Kifini, mstaafu, amekaa Rinkeby tangu majengo haya yakiwa mapya. (Yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwenye ule mpango wa serikali wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Treni ya chini ya ardhi ilifika 1975. Nyie mnaosikia Rinkeby kwenye habari za risasi tu, mjue kuna na watu wanaishi.) Karibu na chumba cha kufulia kuna chumba cha ufundi cha wapangaji: meza mbili, jiliwa, msumeno wa mkanda wa enzi hizo. Unaandika jina lako kwenye karatasi mlangoni kama vile unavyoandika zamu ya kufua.

Skii ya kisasa ni tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna plastiki ngumu inayoteleza. Kuizunguka unabandika ukingo mwembamba wa chuma, ambao unaukunja kwa mkono taratibu ufuate mzingo wa ubavu wa skii, maana skii si mstari ulionyooka, imeingia ndani kiunoni kama gauni lililoshonwa vizuri. Juu yake unaweka kitambaa cha faibaglasi kilicholoweshwa gundi ya epoksi, kisha moyo wa mbao, kisha faibaglasi tena, kisha tabaka la juu la urembo. Kazi yenyewe iko kwenye moyo wa mbao. Tunaunganisha vipande vyembamba vya miti miwili ya huku, ash kwa ajili ya nguvu na poplar kwa ajili ya wepesi, tunabana, tunaacha vikauke, halafu unaranda. Katikati, pale mguu unapokaa, panabaki kama milimita 11. Kwenye ncha, milimita 2. Na huko kupungua kutoka 11 hadi 2 kuwe laini, bila kigongo wala shimo, kwa sababu pakiwa na kosa skii itajikunjia pale pale siku ya kwanza. Na skii mbili lazima zilingane! Mwambieni Baba mdogo ajaribu halafu aje aniambie kama ni kazi ya mtu aliyefeli shule.

Ile plastiki ya chini sasa. Hapa ndipo nilipocheka peke yangu mpaka mzee akashangaa. Ni aina ile ile ya politheni yenye molekuli ndefu mno ambayo madaktari wa mifupa wanaitumia kwenye kikombe cha nyonga bandia. Kila majira ya baridi tunaletewa wodini wazee walioteleza kwenye barafu wakavunjika nyonga. Kitu kilekile anachokalia mfupa mpya wa bibi wa kitanda cha dirishani ndicho nilichokuwa nabandika chini ya skii. Sababu ni moja: inateleza na hailiki upesi.

Halafu kubana. Viwandani kuna mashine kubwa zinazobana kwa joto. Mzee ana kompresa aliyoitoa kwenye friji bovu. Tunalaza skii juu ya kalibu, tunaifunika kwa mfuko wa plastiki, tunaziba pembeni kwa utepe, kompresa inafyonza hewa yote ya ndani. Basi hewa ya nje yenyewe ndiyo inayobana, karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Pigeni hesabu: skii ya urefu wa sentimita 170 na upana wa 8 inakaliwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,300. Ni kama umeegesha gari dogo juu yake, na kilichofanya hivyo ni friji iliyotupwa! Mimi ninayefyonza makohozi ya wagonjwa kwa mashine ya namna hiyo hiyo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Na niseme na hili, maana kuna vijana wa kwetu wananiambia wameona video na wao wataanza kumwaga epoksi mikono mitupu. JAMANI. Hapa nazungumza kama nesi, si kama seremala. Epoksi ikiwa bado haijakauka, pamoja na kigumishi chake, ni moja ya vitu vinavyosababisha mzio mbaya wa ngozi. Leo hakuna kitu, kesho hakuna kitu, mwezi wa tatu mikono inavimba na kuwasha, kope zinavimba, na ukishapata mzio huo hauondoki, ni wa maisha. Baada ya hapo hata kiasi kidogo sana kinakurudisha pale pale. Glavu za mpira wa kawaida hazisaidii, vaa za nitrili na uzibadilishe mara kwa mara, usisubiri zitoboke. Usipige msasa kitu ambacho hakijakauka kabisa, lile vumbi ni sumu nyingine. Fungua dirisha, washa feni. Usichanganye kopo zima kwa mpigo, kwa sababu gundi hii ikikaa nyingi kwenye chombo inajipasha moto yenyewe mpaka inatoa moshi. Huku Sweden mfanyakazi haruhusiwi kugusa vitu hivi kazini bila kupewa mafunzo kwanza. Sasa niambieni, ile digrii yangu ya uuguzi nimeitupa wapi? Kwenye kile chumba tuko wanne, na mimi ndiye niliyeandika karatasi ya usalama iliyobandikwa ukutani.

Nirudi kwenye hoja. Mnaniambia kuchonga ni kazi ya waliokosa. Haya, tuangalie waliokosa hao ni nani.

Mwaka 1924, huko kaskazini mahali panaitwa Kalvträsk, watu waliokuwa wakichimba mfereji walikuta skii za msonobari ardhini. Zimepimwa, zina miaka zaidi ya 5,000, na ziko kwenye jumba la makumbusho Umeå. Hazikutoka dukani. Kwa maelfu ya miaka kila skii ya nchi hizi ilichongwa na mtu nyumbani kwake, akapinda ncha kwa mvuke au maji ya moto, akaipaka lami ya msonobari kwa chini ili isinywe maji. Na ule ubao mmoja mpana ambao vijana wanaringia? Siku ya Krismasi ya 1965, Marekani, kwenye mji wa Muskegon, mhandisi mmoja aitwaye Sherman Poppen alifunga skii mbili za watoto pamoja ili binti zake wapate kitu cha kuchezea. Miaka kumi na miwili baadaye, 1977, Jake Burton Carpenter akaanza kutengeneza mbao zake Vermont kwa mikono, na kampuni yake ikaja kuwa kubwa kuliko zote za mchezo huo. Mwaka 1998 mchezo ukaingia Olimpiki, Nagano. Kutoka baba wa nyumbani na skii za watoto mpaka Olimpiki, miaka 33 tu.

Lakini si hao walionibadilisha mtazamo. Walionibadilisha ni majirani na wafanyakazi wenzangu wa kawaida. Huku kuna somo shuleni linaitwa slöjd, kazi za mikono, mbao, chuma na kitambaa, na ni la LAZIMA kwa wavulana na wasichana. Si la wale walioanguka hesabu. Mwalimu mmoja, Otto Salomon, alianzisha chuo cha walimu wa somo hilo pale Nääs, karibu na Göteborg, miaka ya 1870, na walimu wakaja kusoma pale kutoka nchi nyingi. Wafini walitangulia, wao waliliweka kwenye shule zao za vijijini tangu 1866, na mzee wangu halali bila kunikumbusha hilo. Kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtoto hutengeneza ni kisu cha mbao cha kupakia siagi. Binti yangu alileta chake, kimepinda kidogo, tunakitumia kila asubuhi. Daktari bingwa ninayefanya naye kazi ana chake cha utotoni mpaka leo, na wikiendi anatengeneza mashua. Hakuna mtu aliyemwonea huruma. Hakuna shangazi aliyempigia simu kumuuliza kama amefukuzwa.

Najua mtakachojibu, kwa sababu Baba mdogo ameshakisema: "Hao wameshashiba, wanachezea. Sisi fundi ni njaa." Hiyo ni hoja ya kweli na siipuuzi. Mzee ana pensheni, mimi nina mshahara, skii ikituvunjikia hatulali na njaa. Wala sisemi ni rahisi kwa fedha: ukihesabu plastiki, chuma, epoksi na faibaglasi, jozi ya kwanza inakaribia bei ya dukani, hapo hujahesabu saa zako. Na kama shida ni mtoto kucheza tu, kuna mahali huku panaitwa Fritidsbanken, palianzia mji mdogo wa Deje mwaka 2013, sasa pako sehemu nyingi za nchi, unaazima skii siku 14 bila kulipa hata senti. Binti yangu nilimwazimia huko kwanza.

Lakini sikilizeni. Seremala wa ujenzi hapa analipwa mshahara usio mbali na wangu mimi mwenye digrii. Analipwa vile kwa sababu watu wa hapa walishika patasi wakiwa darasani, wanajua kazi nzuri inachukua muda gani, na hawamwambii fundi "nipunguzie, si ni mbao tu hizi". Njaa ya fundi wetu inatengenezwa na sisi. Tunambembeleza tukimhitaji, tunamtukana akichelewa, tunamkopa, na tukipata fedha tunaagiza makochi ya nje yanayopasuka kabla ya Pasaka, huku mafundi wamejipanga barabarani Moshi na vitanda ambavyo wajukuu watarithi. Halafu tunashangaa kwa nini useremala haulipi!

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akisema wazi kwamba shule inayomfanya mtoto adharau kazi ya mikono ya wazazi wake ni shule mbovu. Wazee wetu mlikuwepo, mlilima mashamba ya shule. Leo serikali imerudi huko huko, mkondo wa amali umeingia sekondari. Nendeni Pwani, Nungwi au Lamu, mkaangalie mafundi wa majahazi. Anaukata mti uliopinda wenyewe ili upate kuwa ubavu wa chombo, anaziba nyufa kwa pamba na mafuta, hana mchoro wa karatasi, kipimo kiko kichwani. Mimi nilipomweleza mzee wa Kifini jinsi ngalawa inavyochongwa kutoka kwenye gogo moja, alizima mashine, akakaa chini, akataka nimweleze tena. Huyo ameheshimu kazi ya kwetu kuliko sisi wenyewe.

Kuna na wale waliosema, "Mbao sawa, lakini theluji na Mchaga wapi na wapi?" Kwa watu waliolelewa chini ya Kibo, nashangaa mnapata wapi ujasiri wa kusema hivyo! Tulikuwa tunaiona kila asubuhi mawingu yakifunguka, kabla sijajua kama kuna nchi inaitwa Sweden. Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda na skii mpaka juu Kibo mwaka 1912 na wakateremka nazo. Zimepita huko kwetu zaidi ya miaka 110 iliyopita, mimi nikizishika mnasema nimeiga. Philip Boit wa Kenya alikimbia kilomita 10 za skii pale pale Nagano 1998. Alimaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri mwishoni ili amkumbatie. Watu walicheka. Boit akarudi Olimpiki ya 2002, akarudi ya 2006, na mwanawe mmoja akampa jina la Dæhlie. Na hapa hapa Sweden, mji wa Borlänge, vijana wa Kisomali ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga barafu waliunda timu ya taifa ya bandy mwaka 2013 na mwaka uliofuata wakacheza kombe la dunia Irkutsk, Siberia. Walifungwa kila mechi, ndiyo. Nyie mmefungwa wapi?

Mwenzangu mmoja wa kazini, Msweden, naye aliniuliza kwa upole ule wao, "Kumbe na ninyi mnapenda skii?" Nikamwambia, ninatengeneza. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama naweza kumtengenezea. Nilipenda sana ukimya ule, nakiri.

Sasa tuje kwa kijana wetu, kwa sababu ndiye aliyenifanya niandike. Kigoda anachokalia Bibi jikoni kakitengeneza nani? Banda la kuku ambalo mvua ya masika haikulibomoa kalijenga nani, akiwa na miaka kumi na nne, kwa misumari aliyoinyoosha mwenyewe? Matokeo yake si mabaya, daraja la tatu, angeweza kwenda kidato cha tano, na hilo ndilo linalowauma, mnaona anatupa nafasi. Mnataka asome masomo ya biashara aje avae tai. Nawauliza, wale wavaa tai wangapi wa ukoo huu wako nyumbani wanasubiri ajira mwaka wa nne huu? Sitaji majina, mnajijua, na wala siwacheki. Nasema tu kwamba mmeshaijaribu njia hiyo moja kwa watoto wote, na mtoto mmoja ameomba njia nyingine, tena ile ambayo ameshaonyesha kwa macho yenu kuwa anaiweza, mnamtisha kwa picha yangu mimi!

Mimi ni shangazi yake. Mnajua neno la shangazi kwenye nyumba ya kaka yake lina uzito gani, sihitaji kuwafundisha mila. Ada ya kidato cha tano niliyokuwa nimeahidi haitatoka. Ada ya VETA Moshi itatoka, yote, pamoja na bweni, buti na seti ya kwanza ya randa na patasi. Randa nitamtumia kutoka huku, mzee ana mbili na moja ameshaifunga kwenye gazeti kwa ajili yake, pamoja na karatasi ya maelezo ya kunoa aliyoiandika kwa Kiswidi. Nimeitafsiri kwa nyuma.

Kaka, naomba fomu ya kujiunga unipigie picha uitume kabla ya Ijumaa, Jumamosi naingia zamu za usiku siku nne mfululizo sitashika simu. Baba mdogo, nakuheshimu na shikamoo, ila kwenye hili tutabishana mpaka nitakapokuja Desemba. Skii zenyewe zimekamilika juzi, binti yangu kazipaka nta, na kwenye uwanja wa Järva nyuma ya nyumba theluji bado ipo sentimita kumi. Picha nitaweka kesho, na mnaruhusiwa kuisambaza.